Kichwa cha Mti cha Mama Furaha

Naikumbuka bado Alhamisi moja, mwanangu, niliyotukanwa kwa Kiingereza cha kizamani, na mpaka leo namshukuru aliyenitukana.

Nilikuwa msichana wa Tanga, mgeni hapa Johannesburg, nikijifunza kushona mawigi kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa na saluni yake Doornfontein. Akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Troyeville. Maradhi yalikuwa yamemnyonyoa nywele zote, na Jumamosi ya wiki ile ilikuwa harusi ya binti yake. Hakutaka kuonekana kwenye picha na kilemba cha mgonjwa. Mama Furaha akaniachia mimi nimpime.

Sasa utamwambiaje mtu mzima, tena mgonjwa, avue kilemba? Mimi sikulelewa hivyo. Niliona haya. Nikamwambia aende tu, nikashona wigi lake juu ya kichwa cha mti tulichokuwa tukipachikia mawigi pale saluni. Kazi ikatoka safi, nami nikajipongeza, maana wakati ule nilikuwa hodari wa kujisifu.

Alhamisi akaja, akageukia ukutani kulijaribu. Likamshukia mpaka machoni. Kichwa chake kilikuwa kidogo, tena hakina nywele za kulishika.

“Eish! Blokhedi!” akafoka, akalivua na kujifunga tena kilemba upesi, machozi yanamlengalenga.

Nikachukua mkoba wangu niondoke. Lakini mwalimu ni mwalimu, hata akiwa na hasira hufundisha. Akaniambia nisimame nilijue tusi langu. Zamani Waingereza walitengenezea kofia na mawigi juu ya gogo lililochongwa mfano wa kichwa. Kwa nje kichwa kamili, ndani mti mtupu. Ndipo mtu asiyetumia akili wakamwita kwa jina la gogo hilo, blokhedi, yaani kichwa cha gogo.

Mama Furaha akanipakatisha kile kichwa cha mti, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao: “Saumu, hii haiwezi kukuambia wigi inaibana ao inalegea. Mama huyu alikuwa hapa, na mdomo yake. Juu ya nini haukumuuliza?”

Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikamwomba mwalimu ruhusa nimpime. Akavua kilemba mwenyewe, wala hakusita.

“Tangu siku ya kwanza nilikuwa nangoja uniambie,” akasema.

Nililifumua wigi, nikalishona upya. Jumamosi alicheza harusini kwa binti yake bila kulishika kichwani hata mara moja.

Mwanangu, kutojua si aibu, sote tulianzia huko. Mimi nilijua la kufanya, nikaliacha kwa haya, kisha haya hiyo nikaiita heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Uliza. Uliza kwa adabu, funga mlango kwanza, shusha na pazia, lakini uliza.

Mungu akujaalie mkono mwepesi, na akupe watu wa kukukemea ungali mdogo. Amina.