Baba wa Baada ya Matokeo

Nilikwenda Kinampanda kujiandikisha kuwa baba baada ya kusikia kwamba mtoto amefaulu darasa la saba. Nisijipambe. Alipougua surua nilipata habari, sikwenda. Alipofaulu, nikapata nauli.

Mama yake nilimkana akiwa mjamzito. Nilisema mbele ya wazee kwamba mimba si yangu, kisha nikaenda zangu Manyoni, nikaoa huko. Mtoto, wa kike, akapewa jina la ukoo la babu yake mzaa mama, na kwenye cheti cha kuzaliwa sehemu ya baba ikaachwa wazi.

Nilifuatana na kaka yangu, maana jambo kama hilo huendi nalo peke yako, na tukapeleka mbuzi. Babu yule aliitikia shikamoo zetu, akamtazama mbuzi, akaniuliza, "Umekuja kuoa?"

"Hapana, mzee. Nina mke. Nimekuja kumwandikisha mtoto."

"Kuzaa si kazi," alisema, akaishia hapo.

Methali hiyo hata mtoto mdogo anajua inavyoishia. Ndipo binti akaja na maji ya kunawa, akatusalimu, akatabasamu kidogo kwa adabu, nami nikauona mwanya wa meno yangu mwenyewe kinywani mwake. Na mimi nilisema si yangu!

Mzee alimwuliza mjukuu wake kama anakubali. "Ukikubali wewe, babu," alijibu.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya wilaya, Kiomboi, mimi, mama yake na yeye. Kwa kuwa hatukuoana, wazazi wote wawili tulitakiwa kufika, tukubaliane na tusaini. Karani alinipa fomu nijaze kwa mkono wangu. Jina la mtoto niliandika vizuri. Nilipofika tarehe ya kuzaliwa, kalamu ikasimama. Nilichojua ni kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, na hata hilo niliambiwa na watu. Mama yake alikuwa akitazama dirishani, na sikuthubutu kumwuliza.

Binti ndiye aliyeinama karibu yangu akanitajia siku, mwezi na mwaka, polepole, kwa sauti ya chini ili karani asisikie. Ananisitiri mimi! Masikio yaliniwaka. Nilitamani anitukane.

Tulisaini, karani akasema maombi yamekamilika. Mama yake hakuniaga, alielekea sokoni. Binti alinipokea begi, akanisindikiza mpaka stendi. Njia nzima nilisubiri aniite baba, hata mara moja. Basi lilipowasha injini alinikabidhi begi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Karibu tena nyumbani kwetu."