Rangi ya Kucha Kwenye Taa ya Injini

Kapya alitengeneza magari Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Tangu kampuni iliyomfundisha kazi ifilisike, hakuna mteja aliyemuuliza gari lake linaumwa nini. Wote walitaka taa izime. Gari lifuke moshi kama tanuru la shaba, mradi dashibodi inyamaze. Basi Kapya alikuwa akifungua dashibodi na kuipaka taa verni nyeusi, ile rangi ya kucha, aliyoiazima kwa Mado, msusi wa jirani. Mtaa mzima ulitembea hivyo: injini zinaugua, taa zimerembwa.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Alexis, mfanyabiashara wa kule, alikuwa safarini Uvira na gari lake jekundu la mbio. Njia ya kurudi ikafungwa, akateremka hadi Lubumbashi, gereji kwa Kapya. Mkewe Dorcelle na watoto walinasa Goma. Gari lingeuzwa, wangepata nauli ya kutoka. Lakini taa ya injini ilikuwa inawaka, njano kabisa.

"Papa Kapya, munuzi anakuya muchana. Zimisha tu hii taa."

"Acha kwanza niulize gari."

Kapya alichomeka mashine ya kusoma makosa. Ikasema katalizeri, lile boksi la kusafisha moshi, haifanyi kazi. Hakuiamini haraka, mashine nazo zinasingizia. Akaziba bomba la moshi kwa kitambaa, akasikiliza kama kuna mahali panavuja. Hapakuvuja. Akajisukuma chini ya gari, lililokaa chini kama chura, akagonga boksi kwa nyundo ya mpira. Ndani vipande vikacheza kama kayamba.

"Ulipitia wapi?"

"Kalemie, Manono, Mitwaba. Pa Mitwaba njia ilikuwa matope, bantu balibeba gari mu mikono, banaimba."

"Bale bantu balikuta mawe ya njia ilishaipiga. Katalizeri ilivunjika. Inaomba ingine."

"Inatoka wapi?"

"Mbali. Utangojea sana."

"Papa, miye niko na bibi na batoto kule!"

Kapya alichoka hata kubishana. "Mado! Leta verni."

Mchana akaja Huguette, mwenye teksi nyingi, aliyetaka gari la kukodisha maharusi wa hoteli ya Karavia. Akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote zikaamka: mafuta, betri, breki. Ya injini ikalala. Huguette akainamisha pua.

"Kapya."

"Mama."

"Inanuka verni."

"Ni kucha za Mado, mama."

"Mado iko kwake, verni iko mu dashibodi. Teksi zangu zote zinawaka hii taa, na zinatembea! Ungeacha nione, ningenunua. Sasa sijui mulificha nini ingine."

Alexis alimfuata hadi barabarani akitaja mawe, Mitwaba, watoto.

"Pole, baba," Huguette alisema. "Ungeanza na hayo."

Akaenda zake.

Alexis alirudi, akaketi nyuma ya usukani. "Ule ugonjwa," akasema, "ulisema ni nini?"

Kapya alimtazama. Swali hilo alilingoja tangu ujanani, na sasa lilimkuta hana hata nguvu ya kulifurahia. Alikuwa anaifuta taa kwa pamba na dawa ya Mado ya kuondolea verni, ili mnunuzi mwingine, akitokea, aione.

"Njia," akajibu. "Gari inaugua njia."

Simu ikalia. Dorcelle aliuliza kama ile taa imezima.

"Imezima sana," Alexis alijibu, akiitazama ikianza kuonekana tena.