Saa Iliyozama Sakafuni

Nilitoka Tabora kwa treni, daraja la tatu, nimekalia sanduku langu kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa. Niliposhuka Pugu miguu ilikuwa imevimba, na bado kilima cha Kisarawe kilinisubiri. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Nilishapita mashamba ya mkonge, bandari na maghala, na kote sikukaa. Sasa nilitafuta saa za zamani kwa niaba ya tajiri mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa akiwauzia maofisa wa Kizungu.

Alizitaka zile ndefu za Marekani, zenye kabati linalomzidi mtu kimo. Zilifika pwani zamani pamoja na marobota ya kitambaa cha merikani, zikatawanyika majumbani. Kabla ya hapo nilizunguka Janga na Mlandizi nikakuta makabati yamegeuzwa ya vyombo, mashine zimeliwa na kutu. Nilichoka kuwavunja moyo watu walionikaribisha chai.

Kisarawe nilikuta moja nzima. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na warithi wake, binti mjane na mdogo wake mwenye duka, walitaka niitie thamani kabla ya kugawana. Mjane ndiye aliyebaki na baba yao. Kila magharibi, adhana ikisikika, aliirudisha mishale kwenye saa kumi na mbili. Aliitaka ibaki. Lakini bei ikiwa kubwa ingekula fungu lake, na mikorosho iliyokuwa ikimlisha ingekwenda kwa mdogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tazama kwa macho. Mikono iache."

"Dada, mwache afanye kazi," alisema mdogo wake. "Jeneza lenyewe limesimama tu, halina hata maiti."

"Maiti utakuwa wewe ukiligusa."

Mwezi uliochorwa juu ya uso wa saa ulikuwa haujafifia. Mashine ilikuwa safi. Mdogo wake aliiona furaha usoni mwangu akatabasamu. Mjane naye alinitazama, akavuta kigoda akakaa.

Hata hivyo kabati lilionekana fupi upande wa chini. Niliuliza miguu iko wapi.

"Haijapata kuwa na miguu," alisema mdogo wake.

"Ilikuwa nayo," alisema mjane. "Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunapiga sakafu udongo mpya. Baba hakukubali isogezwe. Tulikuwa tunaizunguka."

Niliomba jembe nikachimba kando. Mahali pa mguu palikuwa na udongo wa mchwa tu, na kidole changu kilizama kwenye ubao wa chini kama kwenye mkate. Saa ilikuwa imeshikiliwa na sakafu.

"Ukiing'oa itaporomoka," nilimwambia mdogo wake. "Tajiri wangu hatatuma lori kufuata hii."

"Na mashine?"

"Bila kabati lake ni shaba ya kuyeyusha. Haina bei."

"Kwa hiyo dada anapata saa, na mikorosho juu."

"Ndiyo."

Alivaa kofia yake akatoka. Mjane hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliliangalia lile shimo.

"Baba alikuwa akisema inaizidi nyumba hii kwa thamani."

Nilipangusa udongo kwenye jembe.

"Basi nirudishie udongo wangu."

Niliurudisha nikaushindilia kwa kisigino, yeye akinyunyiza maji. Alasiri niliteremka Pugu. Dar es Salaam kwa tajiri sikwenda; kazi ile nilikuwa nimeichoka. Nilikata tiketi ya bara, na Kisarawe sikukanyaga tena.