Seremala Asiyekosea

Mke wa Futi alikuwa na dukuduku tangu siku ya ndoa yake. Mumewe, fundi seremala aliyebandikwa jina hilo kwa kushinda na futi ya kupimia shingoni, hakuwa amebatizwa, hivyo ndoa yao haikubarikiwa, na kanisa lilishasema: ndoa isiyobarikiwa, hakuna kukaribia Meza ya Bwana. Basi Jumapili wenzake wakienda mbele, yeye hubaki benchi la nyuma na watoto wanaotafuna kucha.

Futi alisoma darasa la ubatizo, akakariri yote. Kilichomkwamisha ni swali moja. Mwalimu akiuliza, "Yesu alitenda dhambi?" Futi hujibu, "Alikuwa seremala mwenzangu, mwalimu. Hakuna seremala asiyewahi kukata ubao mfupi." Mara mbili akarudishwa nyumbani.

"Sema hapana tu, baba watoto. Ulimi utakatika?" mkewe alimwambia, amesimama juu ya maranda pale karakana.

"Niseme nisichokiamini, halafu ndiyo nibatizwe?"

Mkewe akashusha pumzi. "Kabati ulilomtengenezea yule nesi. Milango ilipunguaje?"

"Nilipima vibaya."

"Ukamwambiaje?"

Futi akajikuna kichwa kwa penseli. "Kwamba mbao zimenywea kwa jua."

"Haya. Kupima vibaya ni ubinadamu, na Yesu alikuwa binadamu. Kumdanganya mtoto wa watu ndiyo dhambi. Yeye hata angekata mfupi, angesema, 'Mama, nimekosea,' akatengeneza upya. Umeelewa au nikuchoree?"

Futi akachomeka penseli sikioni. Jioni ile alimjibu mwalimu bila kukwama kwamba Yesu hakutenda dhambi, akaingizwa kwenye ubatizo wa Jumapili. Mkewe akalitoa gauni lake la heshima, akalipiga pasi huku akiimba.

Jumamosi Futi akaenda kwa nesi kuungama, akarudi uso umekunjamana. "Nesi hayupo. Kaenda kumuuguza mama yake, mpaka mwezi ujao."

"Na sisi inatuhusu nini?"

"Siingii majini na uongo wangu moyoni. Umesema mwenyewe ndiyo dhambi."

"Utamwambia akirudi. Mungu anajua."

"Mungu anajua, nesi hajui. Nimeshamwambia mwalimu anisubirishe."

Mke alitamani kumrushia pasi. Lakini amsute kwa lipi, na maneno ni yake mwenyewe? Kesho yake wenzake walipoinuka kwenda mezani, alibaki nyuma palepale, akimlaumu kimoyomoyo nesi, mama wa nesi, na mdomo wake mwenyewe. Kando yake Futi aliimba kwa sauti nene, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo.