Kamba ya Tanga la Dalmas

Beldina wa Asembo Bay hakuwa mrembo, na mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia. Alichojivunia ni kamba. Tangu aolewe, kila mara familia ilipoingia ziwani, mumewe Dalmas alikamata usukani nyuma, naye akakaa mbele ya mlingoti akishika kamba ya tanga. Tanga lilisimama kati yao, lakini walielewana bila kuonana.

Mwaka 1986 Dalmas akaoa mke wa pili, Seline. Beldina akavumilia nyumba mpya ya Seline, kitanda kipya, hata redio. Kisha ikaja asubuhi ya kwenda Rusinga na watoto, kumwona dada yake Dalmas. Mume akasema, kana kwamba anaomba chumvi:

"Leo Seline atashika kamba. Mama Oduor, wewe angalia tu kuku."

Kuku! Wivu ulimpanda Beldina. Akakaa na tenga la kuku mapajani, akimtazama Seline akifunga kamba mlingotini, fundo juu ya fundo, kama anayefunga mzigo wa kuni. Angeweza kumrekebisha. Acha mwenye mali ajionee alichochagua.

Kati ya Uyoma na Rusinga, kwenye njia ya meli zote za Kisumu, meli ya kubeba mabehewa ya reli ikawapita karibu mno. Mawimbi yake yakawafuata, na upepo ukageuka papo hapo. Mashua ikalala ubavu.

"Seline, achia kamba!" Dalmas alipiga kelele nyuma ya tanga.

Seline alivuta, fundo likazidi kukaza. Roho mbaya ikamshika Beldina, akaona raha kabisa. Raha hiyo ilikwisha maji yalipomfika mwanawe Oduor kiunoni. Akatupa tenga, akalifungua fundo kwa meno, na kamba ikampita viganjani ikimchuna ngozi. Tanga likaanguka, mashua ikanyooka, na kitambaa kikawafunika wote waliokuwa mbele.

"Umefanya vizuri sana, Seline!" Dalmas alisema.

"Si mimi, Baba!" Seline alijibu chini ya kitambaa. "Ni Mama Oduor!"

Dalmas akakamata usukani upya.

"Aa. Basi mwambie achote hayo maji."

Beldina akachota. Kila alipozamisha mkebe, viganja vilimwasha. Maji yalipokwisha, Dalmas akaamuru tanga lipandishwe, Seline ashike kamba tena. Seline akamwinamia mke mwenzake.

"Mama Oduor, nionyeshe fundo linalofunguka upesi, tafadhali."

"Muulize mume wako," Beldina akasema, kwa sauti ya kumfikia Dalmas kule nyuma.