Siku Niliyompandisha Mpwa Wangu Kupita Leseni Yake

Nikipita sokoni Segese siku hizi watu wananiinulia kiganja kisha wanakishusha taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe mkorofi, na mgeni akiona anadhani ni salamu ya heshima kwa mzee, kumbe ni aibu yangu ya Ushirombo hiyo inanitangulia kila niendako. Bora niisimulie mwenyewe, maana wao wameitia chumvi, na mtu wa kutia chumvi hapa Segese ni mimi.

Mpwa wangu Shija, mtoto wa marehemu dada yangu, anarusha ndege. Si haya madege makubwa ya abiria, ni kijeti kidogo cha zamani kinachobeba mabosi wa migodini, kina pua kama fuko (nimekiona kwa karibu, nilikigusa bawa mlinzi akanifukuza, lakini hayo ni mengine). Akapata mchumba, Pendo, nesi, kwao Ushirombo, na kwa kuwa mimi ndiye mjomba mwenye mdomo katika ukoo wetu, wakanichagua niwe mshenga.

Garini Shija akanipanga. "Mjomba, sema ukweli tu. Mimi ni rubani wa pili. Ndege yetu inataka marubani wawili, na leseni yangu ni ya kiti cha kulia. Wapo wenye kibali maalumu cha kuirusha peke yao, mimi sina, saa zangu za kuruka bado." Akanieleza pia kwamba kile kijeti kwa uzee wake hakina vile vipimo vipya vya kupimia kimo kwa uhakika, kwa hiyo hakiruhusiwi kuingia njia ya juu, kule ndege kubwa zinakopishana kwa nafasi ndogo, mwisho wa kijeti chao ni futi elfu ishirini na nane, wanabaki hapo hapo hata kama huko juu wangeokoa mafuta.

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, ila sikupenda. Rubani wa pili! Mimi niliishia darasa la pili, nikawa utingo kwenye lori la pamba, nikaposa mara mbili nikiwa utingo, na mara zote mbili nikarudi na kuku wangu mkononi. Nikaona nikisema "wa pili" watasikia "utingo", basi nikaamua hayo maneno mawili tu niyaache garini. Maneno mawili, jamani, nani angeyaulizia?

Tulipofika Shija akabaki nje chini ya dirisha, maana kwa desturi muoaji haingii kwenye maneno ya wazee. Ndani tukawa mimi, Baba Pendo, na mama yake, Bibi Kabula, kikongwe kidogo kinachotafuna michembe ya viazi vikavu kwa meno kiliyobakiwa nayo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna.

Baba Pendo akauliza kazi ya kijana. Nikasema rubani. Hapo ningefunga mdomo tungekuwa tunazungumza habari nyingine leo, lakini bibi akauliza kama anairusha peke yake, na lile neno kibali lilikuwa bado tamu kichwani mwangu.

"Peke yake, bibi. Ana kibali maalumu."

Nje mtu akakohoa.

"Na inafika wapi hiyo ndege?"

Nikasimama (mimi jambo kubwa siwezi kulisema nimekaa), nikainua mkono hadi karibu na bati, nikasema inapita juu ya zote, yale madege makubwa Shija anayaangalia kwa chini kama mbuzi malishoni. Kule nje kikohozi kikawa cha mtu anayekabwa.

"Anayekohoa ni yeye?" bibi akauliza. "Ana kifua cha machimboni?"

"Hapana, ni ile hewa ya juu. Ikimwingia nyingi inatoka hivyo."

"Kwa hiyo ni mgonjwa wa kimo."

"Si mgonjwa, bibi, amezoea."

Bibi Kabula akaweka michembe chini. Akasema kabla yetu alikuja kijana wa Runzewe, mshenga wake akaapa kwamba duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, ni la kijana mwenyewe, wakala naye, wakacheka naye, mpaka mwenye duara alipokuja kuulizia mabuti yake. Pendo alilia hadi akakonda. Tangu hapo bibi kila anayeposa anamuuliza jambo moja, mwisho wake ni wapi, na huyu wa sasa Pendo alishamwambia kila kitu: rubani wa pili, kiti cha kulia, kibali hana, futi elfu ishirini na nane basi.

"Sasa nieleze, ng'wanawane, mwanangu. Kijana amemdanganya mjukuu wangu, au wewe umenidanganya mimi?"

Baba Pendo alikuwa ameshasimama. Akasema nimchukue kijana wangu twende, hapa hapatolewi binti wa kulizwa mara ya pili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndivyo Shija alivyonituma. Kabla neno halijatoka, kichwa cha Shija kikachomoza dirishani.

"Shikamoo bibi. Najua siruhusiwi kusema. Mimi ni rubani wa pili."

Baba Pendo akaona sasa makosa ni mawili, mshenga muongo na muoaji anayezungumzia dirishani. Nikasema ni mimi, mzee, kijana alinituma vizuri. Sauti yangu nilikuwa siijui.

Bibi akamgeukia Shija. "Ukifika mwisho wako, na juu unaona peupe, hupandi kidogo tu?"

"Sipandi, bibi. Huko juu kuna watu wanakuja, na hawana habari kama nipo."

Bibi akaokota mchembe wake, akautafuna wote. "Huyu nampa," akasema. "Huyu mshenga ndiye tutampunguzia leseni."

Akamwita dereva wetu, Mzee Juma, mtu ambaye hata bei ya mafuta anaionyesha kwa vidole, akamfanya mshenga mkuu. Mimi nikawekwa kigoda cha kulia, mshenga wa pili, kusema mpaka Juma atikise kichwa, na kusimama marufuku. Juma hakutikisa kichwa hata mara moja. Maneno yote yakaisha kabla chai haijapoa.

Tangu siku ile nimeapa, posa siendi tena bila mtu wa kunikalia kushoto.

Harusini nikaomba nafasi ya kusema, nikapewa sentensi moja, nikiwa nimekaa. Nikasema, "Ndugu zangu, bwana harusi ni rubani wa pili, na rubani wa kwanza ndiye huyu aliyevaa shela." Ukumbi wote ukalipuka kwa kicheko, hata Juma nilimwona meno, na utamu ukanipanda, magoti yakaanza kuninyanyua yenyewe, nikataka niongezee kidogo tu, habari ya wale mbuzi malishoni.

Kule mbele Bibi Kabula akainua kiganja, akakishusha taratibu.

Nikakaa.