Anza na Jicho Bovu

Mikono ya Mzee Taib ilikuwa ya magunia. Tangu ujana wake alifanya kazi kwenye maghala ya Shimanzi, akitia alama kwa brashi na rangi nyeusi kwenye magunia ya chai na kahawa yanayongoja meli. Kusoma hajui. Alionyeshwa herufi, akaziiga, zikatoka zimesimama sawasawa. Zilisema nini, hakuuliza. Chai ilikwenda, meli ilikwenda, yeye akarudi nyumbani Mji wa Kale na rangi kwenye kucha.

Mkewe, Bi Ummukulthum, hakuwahi kutoka mlangoni bila wanja. Akishasali asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akachovya kijiti kwenye kichupa cha wanja wa manga, akakitia jichoni, akafumba, akakivuta. Kazi ya kufumba na kufumbua. Taib alimtizama kwa jicho la pembeni huku akifunga vifungo vya shati. Hakumsifu hata siku moja. Jua likichomoza, nani hulipigia makofi?

Kikaja kiharusi. Kilimkuta Bi Ummukulthum jikoni, kwenye mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi. Mungu alimrudisha, lakini hakumrudisha mzima. Mkono wa kulia ulibaki ukining'inia, mdomo ukaenda upande, na jicho la kulia likawa halifungi. Hata akilala ulibaki ufa mdogo, ungedhani anakuchungulia.

Wanja wa manga ni unga, na unga wataka jicho la kuufumbia. Kila alipotiwa, jicho lililia kutwa. Daktari akaukataza. Ndipo Bi Ummukulthum alipoacha kutoka. Kwanza aliacha maulidi, kisha akaacha matanga, mwisho hata dirishani hakusimama.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Bi Ummukulthum, mjukuu wao Ruweida alipoposwa. Ruweida ni binti wa Mzamil, mwana wao wa kwanza, naye amelelewa na bibi yake tangu ananyonya kidole. Akataka jambo moja tu: usiku wa kupamba, bi harusi anapotolewa mbele ya wanawake, bibi yake akae ubavuni mwake.

"Siendi," akasema Bi Ummukulthum.

"Mtoto umemlea mwenyewe," akasema Taib.

"Siendi, Baba Mzamil. Wanawake wa mji mzima watakuwa pale. Zamani nilikuwa na macho ya kuwapa. Leo watatizama nini? Mdomo huu?"

Taib akaokota kofia yake, akaenda msikitini.

Ruweida hakukata tamaa. Siku ya pili alikuja na kichupa chembamba, kifuniko chake kina brashi kama unywele. "Huu ni wanja wa maji, bibi. Hauingii ndani ya jicho. Wapakwa juu, kwenye ukingo wa ukope. Nikupake?"

"Bi harusi hapambi mtu. Yeye ndiye apambwaye. Weka hapo, uende zako."

Mtoto alipoondoka, bibi akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mstari ukapanda, ukashuka, ukafika kwenye nyusi. Akauweka mkono pajani, akautizama kama mkono wa mtu mwingine.

"Nipe mimi," akasema Taib. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri.

Mkewe akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki wa kuchekea. "Wewe? Mimi si gunia, Baba Mzamil."

Lakini akampa uso.

Taib alikuwa anajua njia moja tu ya wanja, ile aliyoitizama asubuhi zote za ndoa yake. Akachovya brashi, akaitia ndani ya jicho, akamwambia, "Haya, fumba."

Ukelele ule ulisikika mpaka msikitini.

"Umenipofua! Waniua! Maji, leta maji!"

Alimmwagia birika zima. Jicho likawa jekundu kama pilipili mbivu, na wanja ukashuka shavuni mpaka shingoni. Chakula cha mchana kikaandaliwa. Taib alishika tonge, akaiona mikono yake ilivyo minene, akalirudisha sahanini.

Chumba cha chini ya nyumba yao walikuwa wamempangisha Zilpah, mwanamke wa bara aliyefungua saluni humo. Alasiri Taib akateremka, akasimama nje ya pazia, maana ndani mlikuwa na wanawake vichwa wazi.

"Hodi."

"Shikamoo mzee. Maji yamekatika tena?"

"Marahaba. Maji yapo." Akakohoa. "Nataka unifundishe kupaka wanja."

Ndani kukalipuka kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, mzee anatafuta mke wa pili!" Mwingine akasema, "Afadhali yeye. Wangu hata chanuo hajui liko wapi."

Zilpah akatoka na uso wa kucheka. Alipoiona ile mikono yenye weusi na lile shati lililolowa, kicheko kikamwisha. Akavuta kiti cha plastiki mpaka kibarazani.

"Mama ndiye umempaka?"

"Nimemtia ndani."

"Ndani ya jicho? Wanja wa maji? Aki mzee!" Akashika kichwa. Kisha akamwonyesha. Brashi ifutwe kwanza kwenye mdomo wa chupa, isije ikadondoka. Kiwiko kiegemee kitu, kidole kidogo kikae shavuni, mkono usielee hewani. Mstari usivutwe mara moja kama kamba. Yatiwe manukta madogo kwenye mzizi wa kope, kisha yaunganishwe, kidogo kidogo.

"Na ukikosea, usisugue. Pamba kidogo na mafuta ya nazi. Weka, ngoja. Utaachia wenyewe."

Taib akaitikia kwa kichwa. "Jicho moja limelegea. Halifungi."

Zilpah akafikiri. "Hilo ulichore likiwa wazi, hivyo hivyo lilivyo. Na uanze nalo. Anza na jicho bovu, mzee, ndipo zuri ulilinganishe na lile. Ukianza na zuri, bovu halitaliweza."

Taib akapanda ngazi akiyarudia maneno hayo kama anayehifadhi aya.

Hakuthubutu kumgusa mkewe tena mpaka mkono ukubali. Alifanya mazoezi kwenye yai, kwa kuwa yai lina mviringo wa ukope, na kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake. Jioni, kwa muuza kahawa, rafiki yake Zakariya akamkamata mkono mbele ya watu.

"Taib! Si ulistaafu? Hizi alama za nini? Wasafirishwa wapi?"

"Ulaya," akasema Taib, akavuta mkono. Wazee wakacheka. Hakuwaambia.

Mkono ulipokubali, nyumbani ikawa desturi. Baada ya sala ya adhuhuri, Bi Ummukulthum alikaa kitandani uso kwenye mwanga wa dirisha, na Taib akakaa mbele yake kwenye kigoda. Akapaka, akaharibu, akafuta. Ilibidi afute kabla ya alasiri hata kama umetoka vizuri, kwa kuwa wanja wa maji ni utando. Maji ya udhu hayapiti chini yake, na sala haisihi. Basi kila siku alianza upya.

"Wanuka kahawa."

"Usiseme. Jicho latikisika."

"Na wewe usinipumulie."

"Nipumue wapi?"

"Pumulia kwa Zakariya."

Taib akacheka, mstari ukapinda, wakaanza tena.

Jambo lililomshangaza Taib hakulisema kwa mtu. Alikuwa mume wa mwanamke yule tangu hana hata ndevu, na hakuwahi kuyatizama macho yake kwa karibu hivyo. Kumbe la kushoto lilikuwa na doa la rangi ya asali kando ya mboni. Lilikuwako siku zote.

"Watizama nini?"

"Kope."

"Kope ziko juu."

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano ya wiki hiyo mchana haukupatikana, nyumba imejaa wageni wa Ruweida na makopo ya halua. Wageni walipokwishaondoka, na isha imeshasaliwa, Bi Ummukulthum mwenyewe akasema, "Leta chupa."

Taib akawasha taa, akaegemeza kiwiko. Akaanza na jicho bovu. Manukta, kisha manukta, kisha akayaunganisha. Akahamia zuri. Alipomaliza akampa kioo.

Alikishika kwa mkono wa kushoto. Akakaa nacho muda mrefu, mpaka Taib akadhani amekosea, akanyoosha mkono kuchukua pamba.

"Usifute," akasema mkewe.

"Umetoka?"

"Umetoka." Akageuza uso kulia, kushoto. "Ijumaa nichore hivi hivi. Mtu asiuguse mkono wako. Nami nitakaa mbele kabisa, karibu na Ruweida, wanitizame mpaka wachoke."

"Nifute basi, ulale."

"Uwache. Isha nimeshasali. Alfajiri nitakuamsha, uufute, nitie udhu."

Kazi hiyo ilikuwa yake siku zote. Yeye ndiye aliyemwamsha Taib kwa sala ya alfajiri. Mwadhini alikuwa hajamaliza takbiri ya kwanza, naye keshamtikisa bega.

Alhamisi hiyo adhana iliadhiniwa yote, ikaisha, na Taib akaisikia yote akiwa amelala chali. Hakutikiswa bega. Akajua kabla hajageuka.

Kufika saa mbili nyumba ilikuwa imejaa tena, watu wale wale wa harusi. Halua zikafunikwa kwa kitambaa. Mzamil alikuja kukaa ubavuni mwa baba yake, macho mekundu, akasema nikaha itafungwa msikitini kimya kimya, kupamba hakutakuwapo. Taib akaitikia kwa kichwa. Ruweida alikuwa pembeni amejifunika, hanyanyui uso.

Mazishi yalipangwa baada ya adhuhuri. Bi Swabaha, mwosha maiti wa mtaa, akaingia chumbani na wanawake wawili, pazia likashushwa. Taib alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia. Alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha akasikia yamesimama.

"Huu si wanja wa manga," ilikuwa sauti ya Bi Swabaha. "Ni ule wa maji. Halipiti tone hapa. Hawezi kuoshwa nao. Nipe sabuni."

Ikaja sauti ya kitambaa. Kinasuguliwa.

"Hautoki," akasema mmoja wa wale wanawake. "Tia nguvu."

Taib akashika pazia. "Bi Swabaha. Msisugue."

"Baba Mzamil, hapa ni mahali petu."

"Najua. Nawaomba. Wanja huo nimeupaka mimi."

Mmoja akanong'ona kwamba mwanamume haingii. Bi Swabaha akamkatiza: "Ni mkewe. Dini haimkatazi mume. Mfunikeni vizuri, aingie."

Akaingia. Hakuna aliyemwambia akae wapi. Kile kigoda chake kilikuwa pale pale, akakivuta. Akaitisha pamba, akaitisha mafuta ya nazi. Chupa ya mafuta ilikuwa juu ya kabati, alipoiweka mwenyewe.

Macho yalikuwa yamefumbwa yote mawili. Bi Swabaha alikuwa amelishika lile la kulia kwa kiganja mpaka likakubali. Jicho lililokataa kufunga tangu kiharusi, sasa limefunga kama la mtoto aliyeshiba. Hapo Taib akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mstari wa jicho lile alikuwa ameuchora likiwa wazi, na wazi ulikuwa umenyooka, sawa na wa mwenzake. Jicho lilipofungwa, ulionekana umekwenda upande. Umepinda kule kule ulikopinda mdomo.

Kiwiko chake kilikuwa kimeshaegemea kitanda. Kidole kidogo kilikuwa kimeshakaa shavuni. Mkono ulikuwa ukitaka kuusawazisha.

Bi Swabaha akamtizama, hakumharakisha.

Taib akachovya pamba. Akaanza na jicho bovu. Akaiweka juu ya ukope, hakusugua. Akangoja. Shavu lilikuwa baridi, na kidole chake hakikubanduka hapo. Aliponyanyua pamba wanja ulikuwa umeachia wote, umelala juu ya weupe wa pamba kama kope. Akafanya hivyo na la pili. Akapangusa mafuta kwa maji na sabuni, polepole, mpaka ngozi ikawa ngozi tupu.

Uso ule ulibaki kama ulivyokuwa asubuhi zote, kabla ya kijiti.

Akasimama, akasogeza kigoda ukutani asiwazuie njia.

"Haya, Bi Swabaha," akasema. "Tieni maji."